Kengele ya Kufungia Kikao

Ilikuwapo nchi, na kwa kadiri tunavyofahamu ingalipo, ambayo haikuwa na jina. Msomaji asidhani wananchi wake walikuwa wazembe. La hasha. Siku ileile ilipopata uhuru, nchi hiyo iliunda Kamati ya Jina la Taifa, ikaipa ukumbi, viti vya kuzunguka, maji ya chupa na posho, na kamati ikaanza kazi kwa bidii ambayo haijapungua hadi leo. Wajumbe wa kwanza walipofariki, wana wao walirithi viti. Mabalozi wa nchi hiyo walijitambulisha ughaibuni kwa kusema “sisi,” na wenyeji wao waliwaelewa.

Nchi haikuwa na dhahabu wala mafuta. Uchumi wake wote ulikaa juu ya kikao. Penye kikao palikuwa na posho, na penye posho palikuwa na mkodisha viti, mshona vitambaa vya meza, mpamba maua ya plastiki, mkaanga korosho na mwandika mabango ya kuwakaribisha wageni rasmi. Mkulima naye alilima ili walioketi wapate kula. Na kwa kuwa kila mwanamume mwenye heshima zake alikuwa ameketi, mkulima huyo kwa kawaida alikuwa mwanamke. Mpango huu uliitwa Maendeleo. Hakuna aliyeulalamikia, kwa maana Kamati ya Malalamiko ilikuwa bado inapitia muhtasari wa kikao kilichopita.

Katika nchi hiyo aliishi Bwana Hatibu Mgonde, Katibu wa Kamati ya Daraja la Mto Kifuru, na katika kamati hiyo alikaa wima. Hatusemi hivyo kwa mapambo. Bwana Mgonde alisoma Shule ya Bweni ya Wavulana ya Mwambisho, mahali ambapo kijana alifundishwa kutandika kitanda mpaka shuka ling’ae kama kioo, kula maharage yenye wadudu bila kuwataja, na juu ya yote, kutoinuka mezani mpaka kengele ilie. Wenzake waliohitimu humo walisahau hesabu, wakasahau na historia. Bwana Mgonde hakusahau kengele. Aliamini kwamba dunia ina watu wa namna mbili, wanaosubiri kengele na wahuni, na kwamba tofauti kati yao ndiyo iitwayo ustaarabu.

Kiti chake alikirithi kwa baba yake, aliyefia humohumo wakati wa ajenda ya Yatokanayo, kwa utulivu mkubwa hata akaendelea kuhesabiwa katika akidi hadi chai ilipoletwa. Kiti hicho kilikuwa tayari kimeahidiwa kwa mwanawe wa pekee, Mahfudhi. Bwana Mgonde hakuwa na shamba wala nyumba ya kukodisha. Alikuwa na kiti, na shauku yake moja hapa duniani ilikuwa kumwona mwanawe amekikalia kabla yeye hajafumba macho.

Kamati yenyewe ilikuwa na jambo moja tu la kuamua. Kwamba daraja lijengwe, kila mjumbe alikubali. Walichobishania ni daraja lianzie ukingo upi wa mto, kwa sababu utepe hukatwa mwanzoni mwa daraja, na mkata utepe hupigwa picha. Mbele ya Mwenyekiti ilikuwapo kengele ya shaba. Mlio mfupi ulifungua kikao, milio miwili iliita chai. Kanuni zilitaja pia mlio mrefu, wa kufunga kikao moja kwa moja baada ya kazi kumalizika. Ila hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuusikia, na wanazuoni kadhaa walishikilia kwamba kifungu hicho kiliingia kwa makosa ya mpiga chapa.

*

Vita vilizuka kwa sababu ya upendo.

Nchi hiyo na jirani yake wa ng’ambo ya Mto Kifuru walikubaliana kufanya Kikao Kikuu cha Ujirani Mwema. Likabaki swali dogo la nani awe mwenyeji, kwani mwenyeji ndiye apangaye viti, na apangaye viti ndiye ajuaye nani atakaa karibu na korosho. Wakapingana kwa lugha ya kidiplomasia, kisha kwa lugha ya sokoni, kisha kwa mizinga. Tangazo la vita la upande wa pili lilichelewa kidogo, kwa kuwa waandishi wake hawakujua waandikie nchi gani. Hatimaye waliandika, “Kwa Majirani.”

Wanaume wote wenye miguu mizima waliitwa jeshini, wakavuka mto kwa kamba wakiimba. Mahfudhi alikuwa miongoni mwao. Ukingoni, baba yake alimshika bega.

“Mwanangu, kaa wima.”

“Ndiyo, baba. Na wewe usisahau dawa yako ya presha.”

“Kiti chako nitakilinda.”

Mahfudhi alitaka kusema jambo, lakini zamu yake ya kushika kamba ilikuwa imefika.

Serikali haikuwa imefikiria kwamba wanaume wakienda vitani viti vitabaki vitupu. Akidi zikakosekana, posho zikakoma, korosho zikaoza maghalani. Nchi iliyostahimili mizinga ikaanza kutetemeka kwa ukimya wa kumbi zake. Ndipo Waziri wa Vikao, Mheshimiwa Makubuli, aliyesamehewa jeshi kwa hoja kwamba kiti chake kilikuwa kizito mno kuhamishika, alipozungumza redioni.

“Ndugu wananchi! Adui anataka nini? Adui anataka tusimame! Nami nasema, wallahi hatutasimama! Babu zetu walikaa, baba zetu wakakaa, na sisi tutakaa mpaka ushindi! Kuanzia kesho, kila mwanamke atakalia kiti cha mwanamume wa nyumba yake. Akina mama, taifa linajua mmezoea kazi nyepesi za shamba, kuni na maji. Sasa mnaitwa kwenye kazi nzito.”

*

Ndivyo Bwana Mgonde, ambaye umri ulimwacha nyumbani, alivyojikuta mbele ya kamati ya wanawake. Kiti cha Mwenyekiti kilikaliwa na Bi. Somoe, mwenye tanuri la mikate, ambaye mumewe alikuwa ameondoka na cheo cha kanali. Kiti cha Mweka Hazina kilimwangukia binti wa Bi. Somoe, Bi. Zamda, aliyekuja na mtoto kifuani. Na kwenye kiti cha Mjumbe Mtarajiwa, yaani cha Mahfudhi, aliketi mama yake mwenyewe. Katibu alimwamkia upya, kwa jina kamili, mwanamke aliyemwandalia uji asubuhi ileile. Itifaki ni itifaki.

Bi. Somoe aligonga kengele mara moja.

“Haya, shemeji Katibu. Nimeacha unga unaumuka. Tunaamua nini?”

“Hatuamui, Mheshimiwa Mwenyekiti. Tunajadili.”

“Tunajadili nini, basi?”

Bwana Mgonde alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaeleza suala la mwanzo wa daraja, chimbuko lake, historia yake na misimamo ya kambi zote. Alipoketi, jasho lilikuwa limemtoka kwa fahari.

Bi. Zamda alimhamishia mtoto bega la pili. “Samahani, baba. Mtu akitokea ng’ambo, mwanzo wa daraja kwake si uko ng’ambo?”

“Na akitokea huku uko huku,” akasema Mama Mahfudhi.

“Basi lina mianzo miwili,” akasema Bi. Somoe. “Kateni utepe kote kote, kila upande na picha yake. Limekwisha hilo? Aliye na neno aseme. Asiye nalo akanisaidie kukanda.”

Bwana Mgonde alishikwa na kizunguzungu. Baba yake alikufa juu ya swali hilo. Alipozinduka, aliona mkono wa Bi. Somoe unaielekea kengele, na kwa namna mkono ule ulivyojikunja, ilikuwa dhahiri kwamba haukukusudia kuita chai. Akaruka, akaifunika kengele kwa kiganja.

“Haiwezekani! Kabla ya kufunga ni lazima tupitie Yatokanayo!”

“Yatokanayo na nini?”

“Na kikao kilichopita.”

“Sisi hatukuwepo kikao kilichopita.”

“Ndiyo sababu hamwezi kuyathibitisha,” akasema Bwana Mgonde, akihema, “na yasipothibitishwa hatuwezi kuendelea. Napendekeza tuahirishe.”

Bi. Somoe akakusanya khanga yake.

“Mume wangu miaka yote anarudi nyumbani, ‘Ah, Somoe, leo kazi ilikuwa nzito, nikande mgongo.’ Na mimi namkanda! Namkanda na mafuta ya karafuu!” Akasimama. “Vita vikiisha, huyo mtu atanikanda mimi.”

*

Kamati nyingine hazikuwa na bahati ya kuwa na Bwana Mgonde. Kamati ya Maji, ambayo wajumbe wake wapya walitakiwa mtoni na ndoo zao kabla ya jua kuwa kali, iliamua na kufunga. Maji yakatoka mabombani. Watu wa mtaa mzima walikimbia, polisi wakalizingira bomba na kulitaka lijisalimishe, na wataalamu wa usalama wakathibitisha kwamba hiyo ilikuwa hujuma ya adui. Kamati ya Taa za Barabarani ilifunga kabla ya chai. Kamati ya Zahanati ilifunga bila hata kuagiza korosho. Ni Kamati ya Jina la Taifa pekee iliyosalimika, kwa kuwa wajumbe wake wote walikuwa wamepita umri wa jeshi, na kwa mujibu wa daktari mmoja, baadhi yao umri wowote.

Basi uchumi ukageuka juu chini. Wakodisha viti walifilisika. Waandika mabango, wakikosa mgeni rasmi wa kumkaribisha, waliandika vibao vya kuonyesha zahanati ilipo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao wakaandika habari za kitu kilichopo. Washona vitambaa vya meza wakashona bendeji. Meza kubwa za mvule na mninga, zisizo na wa kuzizunguka, zilirundikwa uwanjani, na mbuzi wakapanda juu yake wakatazamana kama wakurugenzi. Wanawake walianza kuwa na nafasi ya kupumzika jioni, hali ambayo haikuwahi kuonekana nchini na ambayo baadhi ya waganga waliitibu kama homa.

Bwana Mgonde aliyaona yote hayo kwa uchungu wa mtu anayeona bweni zima limeamka kabla ya kengele. Akakaza. Kila Bi. Somoe alipoinua mkono, Katibu alimletea kanuni. Hatimaye kamati yake ikawa ya mwisho kati ya zile za wanawake ambayo haijafunga, na Waziri Makubuli alifunga safari kuja kumvisha Nishani ya Uvumilivu wa Kiti.

“Bwana Mgonde,” akasema Waziri, akipumzisha mkono wake juu ya bega la Katibu kwa uzito wa mtu anayetafuta pa kuegemea, “taifa zima limekukalia wewe.”

“Ni wajibu tu, Mheshimiwa. Ninamtunzia mwanangu nafasi yake.”

“Hayo ndiyo malezi! Shule gani hiyo?”

“Mwambisho, Mheshimiwa.”

“Nilijua,” akasema Waziri, ambaye alifukuzwa Mwambisho.

*

Mvua za masika zilianza kwa kishindo. Mchana mmoja, Bwana Mgonde na mkewe wakiwa mezani, mpishi wa jeshi aliyeitwa Koplo Ndonga alibisha hodi akiwa amelowa chapachapa. Alikuwa amevuka kwa kamba kuja kutafuta chumvi, na kamba ikakatika nyuma yake alipofika ukingoni.

“Karibu, mwanangu, keti,” akasema Mama Mahfudhi.

“Ahsante, mama, nitasimama. Huko tumekaa sana.” Akapokea chai. “Vita vyenyewe, mzee, ni kukaa. Sisi tumekaa kwenye handaki letu, wao wamekaa kwenye handaki lao. Wakubwa wanafanya kikao cha mkakati. Saa ya chai tunarushiana mizinga kidogo, kisha tunaendelea kukaa.”

“Na Mahfudhi?” akauliza Bwana Mgonde.

Koplo aliitazama chai yake. “Kipande cha mzinga kilimpata mguuni. Mguu umevimba, mzee, umeanza kubadilika rangi. Daktari yuko kwenye zahanati ya huku. Tulitaka tumlete kwa kamba, lakini sasa…” Akanyoosha mkono kuelekea mtoni. Ngurumo ya maji ilisikika hadi pale mezani.

Koplo alipokwisha kuondoka, Bwana Mgonde aliendelea kukaa, wima, chakula kikipoa. Mkewe hakulia. Alitoa sahani, akafuta meza, akarudi akasimama mbele yake.

“Baba Mahfudhi.”

“Naam.”

“Unamtunzia mwanao kiti.”

“Ndiyo.”

“Atakuja kukikalia kwa kupita wapi?”

Bwana Mgonde alifungua kinywa kutaja kifungu. Vifungu vyote alivijua kwa moyo; alivipitia kimoja baada ya kingine, na hakuna hata kimoja kilichojibu swali la mwanamke huyu. Ila kimoja, kilichokuwa mwishoni kabisa, pale ambapo wajumbe hulala, kilimfanya asimame bila kengele kulia.

*

“Mheshimiwa Mwenyekiti,” akasema Bwana Mgonde kikao kilipofunguliwa, “natoa hoja tuahirishe.”

“Tena?” Bi. Somoe alipiga meza. “Shemeji, kijana wako yuko kule anaoza mguu!”

“Tuahirishe,” akaendelea Katibu, “tukutane kesho ng’ambo ya mto.”

Wakamwangalia.

“Kanuni ya mwisho inasema kikao kikiahirishwa mpaka mahali pengine, Serikali inawajibika kuwafikisha wajumbe wote, pamoja na meza yao, bila mjumbe kulowana nyayo. Haisemi kwa chombo gani. Inasema pia kwamba kwa kazi hiyo, samani yoyote ya Serikali iliyo karibu inaweza kutumika.” Akageuza macho dirishani, ambako mbuzi walikuwa wamesimama juu ya meza za kamati zote zilizofungwa. “Daraja hatujengi. Daraja bado linajadiliwa. Huu ni usafiri wa wajumbe.”

Bi. Zamda alikuwa wa kwanza kucheka. “Baba, kumbe mbinu unazo!”

“Hoja imepita!” akasema Bi. Somoe, na hakungoja chai.

Mji mzima ulitoka. Wakodisha viti waliofilisika walibeba meza, waandika mabango walipiga misumari, Koplo Ndonga alipiga mbizi na kamba meno yakigongana. Mvule ni mti usioogopa maji, na meza zile zilikuwa nene, kwa kuwa zilitengenezwa kubeba viwiko vya vizazi. Meza kwa meza, zikafungwa kwa nyaya za taa za kumbi, zikaegemezwa juu ya miamba ya mto, hadi Meza Kuu ya Kamati ya Daraja yenyewe ikalala katikati, mahali palipohitaji ubao mrefu kuliko wote. Juu yake ilipita machela. Juu ya machela alilala Mahfudhi.

“Baba,” akasema kijana akipita, macho yakiwa mekundu kwa homa, “mbona umesimama?”

*

Usafiri ule wa wajumbe ulisababisha jambo ambalo majemadari hawakulitarajia: watu walipita. Bi. Somoe alipeleka mikate kwenye handaki la wetu, na kwa kuwa harufu haijui mpaka, hata kwenye handaki la wao. Wanawake wa ng’ambo, ambao nao walikuwa wamekalishwa kwenye viti vya waume zao na nao walikuwa wamefunga kila kitu, walivuka wakauza samaki wakanunua chumvi. Kisha wanawake wa pande zote mbili walipita mahandakini, kila mmoja akamshika wake mkono, wakarudi nao nyumbani. Serikali zote mbili zilitangaza ushindi. Kanali, mume wa Bi. Somoe, alionekana jioni hiyo akiulizia mafuta ya karafuu dukani.

Wanaume walirudi wakakuta maji bombani, taa barabarani na kumbi hazina meza. Wengi walishikwa na huzuni ambayo hawakuwa wameihisi hata vitani. Mheshimiwa Makubuli aliona hatari, akawakusanya watu ukingoni mwa Mto Kifuru, akipepewa na msaidizi wake.

“Mashujaa! Mmelilinda taifa, sasa taifa litawarudishia viti vyenu! Tutaanza na kamati pekee, kati ya zile walizokalia akina mama, ambayo haikuisaliti nchi kwa kufunga kikao: Kamati ya Daraja! Itaketi leo hii kuendelea kujadili kama daraja lianzie ukingo upi.” Akaelekeza kidole mtoni. “Na kwa kuwa kamati haiwezi kuketi bila meza, naagiza meza zile zitolewe mara moja.”

Mafundi walioitwa na Waziri walishika mitaimbo.

“Mheshimiwa,” akasema Bi. Zamda, “mkizitoa, daraja halipo.”

“Binti, daraja halikuwapo. Kamati haijaamua. Na ili iamue, inahitaji meza.” Kisha akatabasamu kwa upole. “Bwana Mgonde, kiti chako cha kihistoria hiki hapa. Umpishe kijana, kama ulivyotaka siku zote.”

Mahfudhi alisogea kwa gongo lake. Mguu wake ulikuwa umepona kwa kupinda kidogo. Alikitazama kiti cha babu yake, kilichong’arishwa na nguo za wanaume wa ukoo wake, kisha akamtazama baba yake kwa huruma.

“Baba, nilitaka kukwambia siku ile kwenye kamba. Kiti sikitaki. Na sasa ndiyo kabisa. Vita vyote nilikaa.”

Tunaambiwa kwamba hapo Bwana Mgonde alibadilika rangi, na mkewe akamsogelea akidhani ni presha. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anakumbuka bwalo la Mwambisho, wavulana wameketi wima mbele ya sahani tupu, wote wanasubiri. Na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, alikumbuka kwamba kila jioni, bila kukosa, alikuwapo kijana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuinuka na kuigonga kengele. Mmoja lazima awe amesimama.

“Mheshimiwa Waziri,” akasema, akifunga kifungo cha koti, “Yatokanayo.” Akamgeukia mwanawe. “Mjumbe Mtarajiwa, daraja lipo?”

“Lipo, baba.”

“Uliingilia upande upi?”

“Wa kule. Kesho nitaingilia wa huku, nikanunue samaki.”

“Yamethibitishwa.”

Akaichukua kengele ya shaba, iliyoletwa pamoja na kiti, akainua mkono, akaigonga, wala hakuacha kuigonga. Mlio mrefu ulikwenda ukavuka mto. Ng’ambo, watu walitoka majumbani. Wazee wengine walidhani ni moto, wengine wakadhani ni kiyama, na mkodisha viti mmoja aliangua kilio. Mafundi waliweka mitaimbo chini, kwa kuwa kikao kilichofungwa hakihitaji meza, na hilo hata Waziri hakuweza kulipinga. Kisha watu wakatazamana kama wanafunzi walioachiwa likizo bila kutangaziwa, na mmoja mmoja wakaenda zao, wengi wao kwa kupita darajani.

Mheshimiwa Makubuli peke yake hakuinuka. Alisema kwamba kwa uelewa wake bado kuna Mengineyo. Kwa taarifa tulizo nazo, angali pale ukingoni, na chupa yake ya maji. Na wapitao darajani kwenda na kurudi, kwa kuwa ni watu wenye adabu, humsalimu.